Muulize Shangazi: Binti anataka unesi, hela ni ya nyanya

Kamwene wasomaji wangu, na wale wa Rungwe na Kyela ndaga fijo kwa barua. Baridi ya Julai imetukamata huku, vidole havitaki hata kushika kalamu, lakini mzigo wa barua mwezi huu umekuwa mkubwa kuliko kawaida na karibu zote zinalia kitu kimoja, chuo cha afya. Matokeo ya fomu siksi yametoka, wa fomu foo wako nyumbani toka mwaka jana wanachunga mbuzi na simu, na dirisha la maombi la NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi na vya kati, liko wazi. Basi ishu za ndoa na mawifi tuziweke pembeni mwezi huu, wala hazitaenda popote. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimefundisha wauguzi zaidi ya miaka ishirini kwenye vyuo vya huku huku nyanda za juu kusini, sasa nimestaafu niko Uyole na miparachichi yangu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima nyanya na vitunguu hapa Ilula, mume wangu ni fundi baiskeli. Binti yangu wa pili alimaliza fomu foo mwaka jana kapata divisheni three ya 22. Kiswahili B, Baiolojia C, Kiingereza C, Uraia C, Jiografia C, Kemia D, Fizikia D, Historia D, hesabu F. Toka mdogo anasema nesi, hata mdoli wake alikuwa anauchoma sindano kwa mwiba wa mchongoma. Serikali imempangia HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) fomu faivu, shule iko mbali, hataki kabisa, analia tu. Mwalimu wake kasema aombe chuo cha serikali, kama kile cha Tukuyu, halafu aombe na vingine vya akiba asije akabaki nyumbani. Sasa hivyo vya akiba ndio vimenitoa jasho. Kuna chuo cha mtu binafsi mjini ada 1,700,000, na kingine cha hospitali ya kanisa huko kijijini mbali wanataka 2,350,000. Mimi naona hicho cha mjini ndio nafuu, ila shemeji yangu anasema vyuo vya watu binafsi vyote ni vya ovyo. Nyanya zikikubali kwa mwaka napata kama milioni mbili na nusu ya kuweka kwenye shule, zisipokubali Mungu ndio anajua. Nimekutumia picha za fomu zao zote mbili.
*Mama wa Nyanya, Ilula*

Marahaba mama, na pole na shamba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hizo picha nimezikuza mpaka macho yameuma, kwa hiyo jibu litakuwa refu, vumilia.

Tuanze na HKL. Aliyempangia hana kosa, kapangiwa kwa alama zake, na toka 2022 fomu faivu na siksi za serikali hazina ada, kwa hiyo kwa mzazi wa nyanya inavutia kweli. Lakini basi la HKL halisimami hospitali. Digrii za afya zinataka Kemia na Baiolojia za fomu siksi, hizo yeye hatakuwa nazo, akimaliza miaka yake miwili atarudi kuomba diploma ile ile kwa cheti kile kile cha fomu foo alichonacho leo kabatini. Kama moyo wake uko wodini aende wodini sasa hivi. Kama anachokimbia ni ile shule ya mbali tu basi hilo ni jambo lingine, mkae naye jikoni mumuulize taratibu, na huyo shemeji asiwepo.

Anaingia au haingii? Anaingia. Diploma ya uuguzi na ukunga inataka pasi nne za masomo yasiyo ya dini, na humo ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D ni pasi. Watu wanaitukana D kana kwamba wao waliisomea bure, lakini mlangoni inatosha. Hesabu na Kiingereza zinamwongezea mtu uzito tu wakati wa kuchujwa. Ila hiyo F ya hesabu msiizike, maana itafufuka. Akimaliza diploma na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kwenda juu akasema sasa nataka digrii, watarudi kukagua cheti cha fomu foo, kwa mfano mwenye diploma ya utabibu anayeomba udaktari, miongozo ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, inamtaka awe na angalau D ya hesabu na ya Kiingereza juu ya zile sayansi tatu. Nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wodini wanakaa tuisheni ya hesabu na watoto wa jirani zao, anatoka zamu ya usiku anakwenda kutafuta x. Mwakani usajili wa NECTA, baraza la mitihani, ukifunguliwa ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie hesabu peke yake, afanye mapema kabla hajaisahau hata kipeuo cha pili.

Sasa chuo cha akiba. Kuna kitu kinawachanganya wazazi kila mwaka na hakuna anayewaambia: kwenye afya vyuo vya bei rahisi ndio vigumu kuingia. Ada ya serikali iko chini, kwa hiyo Tukuyu kwa wauguzi, Mafinga kwa wanaotaka utabibu, na ile taasisi ya afya ya msingi pale Iringa mjini, wote wanakimbilia huko huko, mwenye divisheni one yuko foleni moja na binti yako mwenye D mbili za sayansi. Kwa hiyo kwake yeye chuo cha serikali ni ndoto. Aombe, tena akiandike namba moja kwa wino mzito, lakini asikifanye ndio godoro lake la kulalia.

Kwangu mimi chuo cha akiba kina masharti mawili na yote lazima yatimie. La kwanza, alama zake zinafika pale bila kubanana mlangoni. La pili, ada ya mwaka wa tatu unajua itatoka wapi. Nasema ya mwaka wa tatu mama. Ya mwaka wa kwanza kila mtu anaipata, mjomba anachanga, jumuiya inapitisha kapu, mbuzi wanauzwa, watu bado wana furaha. Mwaka wa pili simu zinaanza kutopokelewa. Mtoto wa dada yangu, chuo sikitaji, alifika hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka wa pili akiwa anadaiwa laki sita, mlango wa mtihani ukafungwa, na hakurudi tena. Leo anauza chaja na vocha stendi, kila nikipita ananiita kwa utani "sista, kuna mgonjwa huku", na mimi nacheka, ila usiku nikikumbuka sicheki.

Haya tuchukue kikokotoo. Chuo cha mjini kimeandika ada 1,700,000 ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Ukurasa wa tatu, kwa herufi za sisimizi, kuna hosteli 400,000, mtihani wa wizara 150,000, ya NACTVET 15,000, bima 50,400, usajili 50,000, sare na vifaa 250,000, fildi 200,000. Hapo umefika 2,815,400 na mtoto hajanywa hata chai. Mjini akijibana sana, chai na andazi asubuhi, wali maharage mchana, usiku ugali wa kujipikia, weka 4,000 kwa siku, miezi tisa ni 1,080,000. Jumla 3,895,400. Sasa njoo kwenye kile cha kanisa ulichokiogopa. Ile 2,350,000 ukiipasua ndani kuna ada 1,450,000 na 900,000 ya bweni na chakula, imeandikwa kabisa. Fildi wanafanyia kwenye hospitali yao hapo hapo, hakuna hela ya fildi. Ongeza mtihani wa wizara, NACTVET na bima vile vile, na sare 200,000, unapata 2,765,400 na mtoto kashiba kalala. Kile ulichokiona nafuu kinakizidi cha kanisa kwa 1,130,000 kwa mwaka wa kwanza peke yake, hizo ni tenga ngapi za nyanya wewe ndio unajua, na bei ya tenga ikianguka pale barabarani unajua zaidi.

Lakini hata hicho cha pili kinapita milioni mbili na nusu yako, na hapo ndipo nilipoweka miwani chini nikashangaa. Mama, si uko Ilula? Hospitali ya Walutheri iko hapo hapo kijijini kwenu na ina chuo chake cha uuguzi, wewe umeniandikia habari za mjini na za kijiji cha mbali, cha mlangoni hujakitaja hata kwa bahati mbaya. Ndio sisi watu, cha jirani tunakiona hakina maana kwa sababu tunawajua wapishi wake. Kesho asubuhi vaa kitenge kizuri nenda, chukua fomu yao, fanya hesabu kama nilivyofanya mimi hapa, na swali la kwanza uliza kama wanaruhusu mwanafunzi atoke nyumbani, maana vyuo vingi vya uuguzi vinalazimisha bweni, hasa mwaka wa kwanza. Wakiruhusu, hela yote ya bweni na chakula inabaki kwenye sufuria lako. Wasiporuhusu bado umeokoa nauli na siku akiumwa unafika kwa miguu.

Kuhusu shemeji. Shemeji yuko sawa nusu. Vipo vyuo vya watu binafsi vizuri na vipo vya kutia huruma, na hivyo hivyo kwa vya kanisa, jina la mwenye chuo halimfundishi mtu kuzalisha. Unachotakiwa kukiangalia ni vitu vitatu. Kwanza, jina la chuo NA jina la kozi viwe kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, vyote viwili, sio chuo tu, maana chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine halafu kozi ya binti yako ndio "tunaishughulikia", na usajili uwe unafika ngazi ya 6 ambayo ndio diploma, usikubali kuambiwa ya 4 na 5 ipo hiyo nyingine inakuja. Hili usimwachie mtu, nenda kwenye tovuti yao mwenyewe au muombe kijana wa steshenari akufungulie. Pili, hospitali. Nesi hafundishwi na ubao. Uliza wanafanyia wapi mazoezi, wodi ya wazazi inapokea akina mama wangapi kwa wiki, na wanafunzi wangapi wanamzunguka mgonjwa mmoja, nimewahi kuona wanafunzi kumi na wanne wanamwangalia mama mmoja akijifungua, yule wa kumi na nne alichokiona ni mgongo wa wa kumi na tatu. Ndio maana nina upendeleo na vyuo vilivyokaa ndani ya hospitali za misheni, sitaficha, Ilembula, Tosamaganga, Peramiho, Bulongwa huko Makete, Mbozi, mtoto anaamka asubuhi na wodi iko pale ng'ambo ya ua. Tatu, usiishie ofisini. Ofisini watakupa soda. Nenda pale wanapokula wanafunzi wa mwaka wa tatu, uliza wangapi mlianza na wangapi mmebaki, wangapi wamepata sapu, yaani kurudia mtihani, kwenye mtihani wa wizara uliopita, wangapi wamedisko, yaani wameondolewa chuo kwa kufeli. Watakwambia mpaka ambayo hukuuliza.

Na mkopo. Kila mtu sasa hivi anasema "Bodi inakopesha diploma", ni kweli, HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, walianza na mwaka wa masomo 2023/24, ila watu wanasikia nusu ya sentensi. Ilikuwa kwa fani za kipaumbele, na upande wa afya orodha ile ya kuanzia ililenga fani zenye uhaba mkubwa, fiziotherapia, optometria, radiografia, meno, viungo bandia, kumbukumbu za afya na za namna hiyo. Usidhani kwa kuwa ni afya basi na uuguzi umo. Mwongozo hutoka upya kila mwaka, chukua wa mwaka huu tafuta kozi yake kwa jina, kama haimo usiihesabu hiyo hela hata kwa ndoto. Na chonde chonde usiende kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kwa ajili ya ada. Kikoba sawa. Kausha damu hapana, watachukua na hiyo mashine ya kumwagilia.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningempangia hivi kwenye mfumo wa udahili wa pamoja, maana kozi za afya za cheti na diploma kwa huku bara zinaombwa humo humo kwa NACTVET: Tukuyu juu kabisa kama ndoto, cha Ilula kama hesabu zikikaa sawa, hicho cha kanisa cha mbali chini yake kwa ajili ya kujihami, cha mjini nisingekiweka. Halafu kabla ya kulipa chochote uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi na zinaangukia miezi gani, uzilinganishe na mavuno yako, chuo kinachokubali awamu nne ni cha thamani kwa mkulima kuliko kinachopunguza laki moja halafu kinataka yote Oktoba.

Shangazi shikamoo, me ni kijana wa kiume natokea Mwanjelwa, nimemaliza fomu siksi PCB nimepata Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, yaani pointi 7, ndoto yangu ni MD, yaani digrii ya udaktari, tu na nimeambiwa mwisho ni pointi 6 kwa hiyo nina moja ya ziada. Nimeaplai MD vyuo vitano, vyote MD. Mama anasema nichanganye na vingine mimi naona ni kujikatisha tamaa. Nani yuko sawa?
*Dokta Mtarajiwa, Mwanjelwa*

Mama.

Mwanangu, 6 ni pointi ya kuruhusiwa kuomba, haina maana ya kupata. Unaomba Muhimbili, unaomba hapa kwetu chuo cha afya cha UDSM Mbeya, nyuma yako kuna watoto wenye A na B wamejazana na viti ni vile vile, na wanaanza kuchukua kutoka juu kuja chini. Hiyo pointi yako moja ya ziada itaisha kabla hawajamaliza kunywa chai. Vyuo binafsi vya udaktari vinaweza kukufikia, ila ada yake kwa mwaka ni mamilioni kadhaa na udaktari ni miaka mitano kabla ya ule mwaka wa intanship, na Bodi ina kiwango chake cha ada, chuo kikizidi hapo tofauti mnalipa nyumbani. Umemuuliza mama hiyo tofauti atailipaje au umemuuliza tu kama anakuamini?

Kuomba kitu kimoja mara tano sio kuomba vitano. Bakiza MD mbili, kwenye nafasi zilizobaki weka digrii nyingine za afya kwenye vyuo vya umma, kama uuguzi au maabara, zile ambazo alama zako za kila somo zinafika, ndio akiba yako ya kwanza. Akiba ya pili ni diploma ya utabibu, miaka mitatu, ukitoka na GPA ya 3.0 au zaidi mlango wa MD unafunguka tena na safari hii ukiwa umeshashika wagonjwa kwa mikono yako. Ni ndefu, najua, mitatu na mitano ni minane, na vijana wa siku hizi miaka minane mnaiona kama kifungo. Lakini nina wanafunzi wangu wawili waliopita humo na leo wakiingia raundi wale waliotoka moja kwa moja wanawasogelea kuwauliza dozi za watoto. Ukichagua njia hii tunza ile GPA toka muhula wa kwanza, watu wanaanza kuitafuta mwaka wa tatu ikiwa imeshaondoka.

Na ukipata zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa wakati, kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Kila mwaka kuna mtu anachaguliwa vyuo vitatu anabaki na sifuri kwa sababu simu ilikuwa kwa kaka yake machimboni Chunya.

Mama mdogo shikamoo. Kuna mtu kanipigia simu anajua mpaka namba ya mtihani ya mwanangu, anasema nafasi za chuo cha serikali zimebaki mbili, nitume laki mbili kwenye namba yake leo leo kabla ya saa kumi amshikie. Anaongea kistaarabu sana. Nitume?
*Baba mwenye wasiwasi, Makambako*

Marahaba baba. Usitume. Namba ya mtihani kila mtu anaijua, matokeo ya NECTA yako wazi mtandaoni. Chuo cha serikali hakipokei hela kwenye simu ya mtu, unapewa kontro namba na jina linalotokea ukiiingiza ni la chuo, na nafasi inatoka kwenye mfumo. Huyo ustaarabu ndio mtaji wake. Nenda polisi na hiyo namba, na uwaambie na wenzako hapo stendi kwa sababu hajakupigia wewe peke yako.

Shangazi, mimi nataka famasia kwa sababu nimeona wenye maduka ya dawa hapa Songea wana hela. Fizikia nimefeli. Nina Kemia C na Baiolojia D na pasi nyingine tatu. Niko sahihi?
*Msichana wa Bombambili, Songea*

Mlangoni uko sawa mwanangu, sayansi za famasia ngazi ya diploma zinataka pasi nne zenye Kemia na Baiolojia, Fizikia sio lazima, na ndio maana nawaambia waliofeli Fizikia wasilie sana. Pale Iringa chuo kikuu cha Wakatoliki cha Ruaha wana diploma hiyo, ulizia ada yao na ufanye kikokotoo kama cha Mama wa Nyanya hapo juu.

Ila kuhusu hela, mwenye duka na mwenye cheti mara nyingi ni watu wawili tofauti. Aliyetajirika ni mwenye duka, na wengi wao ni wafanyabiashara, mfamasia kaajiriwa mle ndani. Wewe uko Ruvuma, maduka ya dawa muhimu yenyewe yalianzia kwenu 2003 kabla hayajasambaa nchi nzima, kwa hiyo huna haja ya kubuni, nenda kwenye duka moja lisilo na foleni mchana, muombe dada aliyeko kaunta akwambie analipwaje na anatoka saa ngapi. Ukirudi bado unataka, niandikie tena nikwambie habari za usajili wa Baraza la Famasi, maana bila hilo cheti kitabaki ukutani.

Shangazi, nimechaguliwa Tukuyu, nashukuru Mungu. Nibebe nini?
*Mwenye furaha, Mbarali*

Hongera sana! Umetoka kwenye mpunga na joto, unakwenda Rungwe ambako mvua haiombi ruhusa. Gambuti, mwavuli wa vyuma imara, sweta mbili, blanketi zito, na viatu vya wodi jozi mbili kwa sababu moja itakuwa inakauka wakati wote. Mchele beba debe moja tu, ndizi utazikuta.